Kiapo cha Mkalimani

Niliapa, mkono juu, chumba nambari sita,
mahakama ya Lethbridge, Alberta:
sitaongeza neno, sitapunguza neno,
kisemwacho kitapita kwangu kama maji kwenye bomba.
Bomba halina maoni.

Nje upepo wa magharibi,
ule unaolaza malori ya mizigo ubavu,
ulikuwa unagonga madirisha.
Karani akaweka kitabu juu ya karatasi zake.

Shahidi: Mushagalusha, mkata nyama,
zamu ya usiku, kiwanda cha ng'ombe.
Kidole chake cha pete kimebaki nusu.
Yeye Kiswahili cha Bukavu, mimi cha Pangani,
tulikwenda nacho polepole
kama watu wawili wanaopandisha kabati kwenye ngazi.

"Njo ile motokari," alisema. "Nyeusi. Ilizima taa.
Watu wawili walishuka. Moja nilimujua."

Wakili akauliza: ulimjuaje, gizani?

"Kwa kutembea. Miaka ine
anatembea mugongoni kwetu na saa mukononi."

Nikatafsiri. Sauti tambarare, kama nilivyofunzwa.

Safu ya pili alikaa Doreen Hrycak.
Mkono wa kulia una vyuma vitatu, vidole havikunji.
Gazeti lake lilikuwa na kurasa kumi na mbili,
nusu matangazo ya matrekta na misiba,
na katikati, wiki tano mfululizo, habari za kiwanda:
vidole vilivyobaki kwenye mashine,
saa za ziada zilizoyeyuka kabla ya mshahara,
daktari wa kampuni aliyeandika "uchovu"
pale palipokatika nyama ya mtu.
Wiki ya sita walimsubiri nyuma ya maktaba.
Hawakumwibia mkoba.
Hawakumgusa uso.
Walijua wanataka mkono upi.

Hakimu alisoma dakika kumi na moja.
Kiingereza kina korido ndefu sana
kwa jambo ambalo kwetu ni maneno mawili:
ushahidi hautoshi.
Nikamwambia hivyo, mawili tu.
Mushagalusha akaniinamia. Harufu ya sabuni na damu ya baridi.
Akaninong'oneza:

"Hautoshi kwa nani?"

Kanuni iko wazi, ukurasa wa tatu:
hata mnong'ono wa shahidi hutafsiriwa.
Lakini hakimu alikwisha simama.
Karani alikuwa anatafuta funguo.
Nami saa nane nilikuwa na kesi nyingine, talaka,
na malipo yangu ni kwa saa.
Nikamgusa bega, nikasema, twende.

Nilipunguza.
Maneno matatu. Nimeyabeba majira mawili ya theluji
na hayajapungua uzito.

Wiki iliyofuata kiwanda kilimwambia Mushagalusha
hakuna zamu. Alihamia Brooks, kwa binamu yake.
Ofisi ya gazeti sasa ni duka la sigara za umeme,
kibao cha zamani kimegeuzwa, kinazuia mlango na upepo.
Doreen huandika kwa kushoto,
herufi kubwa, zilizolegea, kama za mtoto wa darasa la kwanza,
ukurasa mmoja, nakala thelathini,
anabandika kwenye nyumba ya kufulia nguo ya barabara ya kumi na tatu.
Huwa nausoma nikisubiri mashuka.
Mwezi uliopita: nani analipia paa jipya la meya.
Nilisikia mgongo ukiniingia baridi kwa ajili ya ule mkono mwingine.

Mwenye saa amepandishwa cheo.
Jumamosi nilimkuta sokoni,
anabonyeza nyanya mojamoja
kwa mikono miwili mizima.
Alinisalimia. Nami nikaitikia, nikasema hali ya hewa imetulia,
na haikuwa imetulia.

Basi, mheshimiwa, mkalimani anaomba kusahihisha.
Kikao cha tarehe tisa Machi, mwisho wa kikao,
baada ya neno "hautoshi" na kabla ya viti kusogezwa:
shahidi aliuliza swali.
Naomba liingizwe kwenye kumbukumbu
kwa lugha yake, kama alivyolitamka.
Kulitafsiri najua.
Sikuhizi nalala nikilitafsiri.