Julai, Chini ya Turubai

Jua halijaonekana South B tangu Jumanne.
Manyunyu hayanyeshi, hayakomi,
yananing'inia tu juu ya nyaya za stima
kama mgeni aliyeaga mara tatu na bado yuko mlangoni.

Ndani ya turubai, Datsun yangu ya mwaka sabini na moja
inatokwa na jasho baridi.
Nimepenyeza mkono, nimegusa boneti: matone.
Nimeyafuta kwa fulana kuukuu, nikaenda kuinjika chai.
Niliporudi yalikuwepo tena.

Miaka ishirini na sita nilikuwa fundi wa maabara, shule ya wasichana.
Kila Januari nilitumbukiza misumari katika mirija ya kioo:
mmoja kwenye maji ya bomba,
mmoja kwenye maji yaliyochemshwa, yakafunikwa mafuta,
mmoja pakavu.
Wasichana waliandika: chuma, maji, hewa. Wakapata alama zao.
Hakuna aliyenionya kwamba ule msumari wa kwanza
siku moja ungekuwa na usukani,
na ungelala uani kwangu.

Jumamosi tunakutana kwa Onditi, tuko watatu.
Onditi na Peugeot yake, milango mitano, minne inafunguka.
Gurdip wa Ngara, anayeitaja Kombi yake
kwa ile sauti ya chini ya mtu mwenye mgonjwa chumba cha pili.
Na mimi.
Hatushiki spana. Tunapanga.

Maana rangi ya Julai hufungia unyevu ndani,
na Septemba bodi nzima hutoka malengelenge.
Basi daftari, kalamu, njugu kwenye sahani.
Tutang'oa mazulia. Tutagonga kila futi kwa mpini wa bisibisi
na kusikiliza: bati zima huitika,
bati bovu humeza sauti.
Onditi anataka oili chafu ya injini, chini kote, kama baba yake.
Gurdip anataka nta, nta ya moto,
ipulizwe kwa mpira mwembamba hadi ndani ya vizingiti.
Wamebishana hivyo tangu Mei.

"Usipoziba ufa," alianza Onditi.
Nikamwambia methali hiyo nimeshaisomea shimo
la ukubwa wa ngumi, chini ya miguu ya dereva.
Halikusikia.

Jana nilishindwa kuvumilia.
Nilifunua zulia la upande wa abiria kwa tochi ya simu,
nikitarajia mabaya.
Nikakuta kiraka: bati la kopo la mafuta ya kupikia,
limenyooshwa kwa nyundo, limepigwa ribiti kumi na moja,
maandishi bado yanasomeka, *kilo mbili*,
na kipande cha neno *mboga*.

Nani? Kitabu cha gari kina majina manne kabla ya langu.
Yule wa Mombasa, aliyeliacha lilambe chumvi?
Yule wa Machakos, mwenye sahihi iliyotetemeka?
Mtu hakuwa na pesa ya bati.
Alikaanga, akala, akakaanga,
akilitazama kopo, akingoja liishe.

Pembeni yake chuma cha kiwandani
kinamung'unyika kama biskuti ndani ya chai.
Kiraka kimeshika.

Nimempigia Kamotho wa Kariobangi.
Atachomelea mwisho wa Agosti, anga ikikubali.
"Hiyo takataka tunakata kwanza," akasema. "Mama, usinichekeshe."
Nikaandika: *sakafu ya kushoto, yote mpya.*
Halafu pembeni, kwa penseli, alama ya kuuliza.

Ule msumari wa pili, wa chini ya mafuta,
mwaka mmoja tuliusahau kabatini hadi Krismasi.
Ulitoka unang'aa.

Nimerudisha zulia. Nimefunika.
Tofali pembe hii, tofali pembe ile,
la nne silioni, nimeweka sufuria.
Onditi anapiga simu: amepata oili, debe zima, bure,
nije leo?
Nimemwambia angoje jua.