Doa la Mafuta

Gazeti la Jumamosi hufika Lamu Jumapili,
na kwa shangazi yangu Mwanatumu hufika Jumatatu,
limekwisha kuzungushiwa bajia:
habari zimekunjamana, waheshimiwa wana pilipili machoni,
na ukurasa wa nyuma, ndio autakao, mraba wa nambari.
Mistari tisa kwenda, safu tisa kushuka,
nyumba tisa, kila nyumba vyumba tisa,
na sheria moja: asirudiwe mtu.

Alikuwa dirishani, Langoni, kofia ya vito mapajani,
sindano mdomoni, penseli sikioni.
Mimi nilikuwa nimetoka kupoteza mia tatu.
Mkeka wa mechi saba. Sita ziliitika;
ya saba wakasawazisha dakika ya tisini na moja.
Sikumwambia. Nilitoa biki mfukoni,
nikainama begani kwake, nikaandika tano.

"Yatoka wapi hiyo?"
"Naona kama tano, shangazi."
"Wewe waona kama.
Huyo tano mwenyewe, umemuuliza?"

Hakunifokea. Alipasua ncha ya karatasi ya ubani,
akailamba, akaibandika juu ya wino wangu.
"Ndoo, keti. Tazama hii nyumba ya yuu, kushoto.
Saba wake hayupo. Atalala wapi?
Mstari wa kwanza hapati, kuna saba kule mwisho kulia.
Wa pili hapati, kuna saba pale kati.
Basi ni wa tatu. Na wa tatu, humu ndani,
vyumba viwili vina wapangaji: nne, na tisa.
Kimebaki kimoja.
Sasa andika. Hukubahatisha, umemfungulia mlango."

Niliandika. Mkono ulikuwa mzito kidogo,
kama wa mtu anayetia saini.

Tukaenda hivyo hadi adhuhuri.
Penye watu wawili wanaogombea chumba
alitia vitone viwili, vidogo, akaondoka,
akazungukia safu nyingine, akarudi na habari.
"Kofiani," alisema, "kitobo kimoja nikikikosea leo
nitakijua keshokutwa, ua likikataa kufunga,
na kufumua ni macho yangu mwenyewe.
Kubahatisha si haraka, mwanangu.
Ni deni."

Kisha tukafika kwenye doa.
Bajia ilikuwa imelala pale, mafuta yamepenya,
nambari iliyochapwa chini yake imeliwa.
Vyumba vinne vilibaki, pembe nne za mstatili,
na wapangaji ni tatu na nane, basi.
Tatu huku, nane kule: sheria yakubali.
Ukiwabadilisha: yakubali pia.
Aliligeuza gazeti kwenye mwanga, akalinusa hata.
"Ilikuwa humu," alisema, "kamwe haitoki kwetu."
Akarudisha penseli sikioni.

"Si uweke moja tu, shangazi? Nusu kwa nusu."
"Wacha wazi.
Hapa najua kwamba sijui, na najua kwa nini.
Ukiniandikia nane nitakuwa sina hata hilo."

Alhamisi, kwa kinyozi Lali, nilikuta gazeti la Jumapili,
jibu limechapwa pembeni, kichwa chini miguu juu.
Nilipanda ngazi mbio na nusu ya ndevu.
"Ni nane! Ile pembe ya doa, ni nane!"
"Wajuaje?"
"Wameandika."
"Aa." Akavuta uzi mpaka mwisho wake.
"Basi wao wajua."

Mraba ule umechomekwa hadi leo kwenye kioo cha kabati,
vyumba sabini na saba vimejaa, vinne vitupu.
Na mkeka wa wiki hii sijauweka.
Sijauacha pia.
Nimekaa barazani, simu mkononi, mechi saba mbele yangu,
natafuta hata moja ambayo haiwezi kuwa vingine.
Chaji imebaki asilimia nne.
Bado naitafuta.