Taa ya Uani

Mwalimu Shekigenda alituchorea ubaoni
kidole kilichozamishwa kwenye bakuli.
"Hii ndiyo rasi. Maji pande tatu."
Habari za upande wa nne hakutupa,
ule wa kutokea.

Kutoka kwetu Chongoleani, Bombo inaonekana.
Usiku unahesabu madirisha ya hospitali,
unajua na lipi limezimwa.
Jicho linavuka ghuba bila kulowa,
jicho halidaiwi nauli.

Lakini wifi yangu Mwanakombo
uchungu ulimshika saa nane za usiku,
maji yamekupwa mpaka mwisho,
boti ya mashine imelala ubavu topeni,
mikoko magoti nje.
Tukaipa bahari mgongo.
Ndivyo zinavyoanza safari zetu:
unakokwenda kunabaki kisogoni.

Bajaji ya Mbwana ina taa moja,
nayo inatazama juu, kama mtu anayeomba dua.
Putini, mbwa wawili.
Ndaoya, mashimo,
na Mbwana anayajua kwa majina:
"Hili la Mwenyekiti," akalikwepa.
"Hili la Kampeni."
Hilo hakuliwahi.
Mwanakombo alitaja mama yake, kisha mama yake Mbwana.

Mabokweni, lami.
Vidole vyake vikaachia mkono wangu
kwa mara ya kwanza tangu nyumbani.
Malori ya Horohoro yakatupita
tukayumba kama nguo kambani.
Amboni. Daraja la Zigi, baridi ya ghafla miguuni.
Nilikuwa nikihesabu: tumekwenda kaskazini,
tumekwenda magharibi, sasa tunashuka kusini,
duara zima kuzunguka bakuli
ili kufika ukingo wa pili.

Chumbageni askari akatumulika tochi.
"Mnatoka wapi saa hizi?"
Mbwana hakutaja kijiji.
Alinyoosha kidole juu ya mapaa, kuelekea majini:
"Hapo tu."

Mtoto alikuja kabla ya adhana,
wa kike, kilo tatu na kitu,
amekunja ngumi.
Mwanakombo akaomba ainuliwe mto.
Akatazama dirishani, kimya, muda mrefu.
Nikadhani anatafuta maneno ya kushukuru.

"Wifi, ile siyo taa yetu ya uani?"

Ilikuwa yetu. Peke yake ng'ambo ile,
chini kidogo ya nyota, inawaka.

"Nenda kaizime.
Umeme nimenunua juzi tu, wa elfu mbili."