Kobe Wangu Anakula Dagaa

Barua ilikuwa na mistari minne.
Wa tatu ulinishukuru.
Miaka kumi na tisa nimepima mkonge ghalani,
robota juu ya mizani, robota chini,
na siku ile nikapimwa mimi,
nikaonekana nimezidi.

Nyumbani Makorora hakuna aliyesoma barua.
Saa kumi na moja na nusu alfajiri
kasuku analia kengele ya simu yangu,
ile niliyokwisha kuizima.
Naamka. Naoga. Navaa shati.
Nikifika kwenye kifungo cha mwisho, nakumbuka.

Chatu ndiye mwenye akili humu ndani.
Akimeza sungura mmoja, mwezi unaandama,
unajaa, unakufa,
naye kajikunja palepale, hadaiwi na Mangi.
Namtazama kwa wivu.
Ila kibali chake kimeisha mwezi wa sita,
na Maliasili hawapokei ahadi.

Kinyonga anataka panzi, tena walio hai.
Basi mtu wa miaka hamsini na moja,
suruali ya ofisini ina mkunjo wa pasi,
kipande cha chandarua kwenye ncha ya fimbo,
anarukaruka majanini nyuma ya Mkwakwani.
Jumanne akapita Semboja wa uhasibu
juu ya pikipiki mpya.
Akapunguza mwendo. Akatazama upande wa pili.
Akaongeza mwendo.
Sikumlaumu. Panzi naye alikuwa ameshakimbia.

"Mbelwa, binadamu wanalala njaa,
wewe wafuga mazimwi? Uza!"
Nikapiga simu.
Akaja kijana kutoka Dar na kizimba kipya,
laki nane taslimu, akazihesabu mezani,
noti bado zinanukia benki.
Alipofunua kitambaa
kasuku akanyoosha shingo, akapaza
sauti yangu, yangu mimi, ya zile asubuhi
nilipokuwa nikimtundika dirishani kando ya mizani:
Mia mbili hamsini! Shusha! Linalofuata!
Kijana akacheka hadi akakaa chini.
Mimi sauti ile sikuwa nimeisikia tangu Februari.
Nilidhani niliirudisha pamoja na funguo.
"Chukua pesa zako, mdogo wangu," nikamwambia,
na usiku ule nikala ugali kwa chumvi
nikijiita mjinga, polepole, tonge kwa tonge.

Sasa kobe.
Kobe anakula majani, na majani hutupwa.
Kila jioni soko la Mgandini likikaribia kufungwa
nakwenda kwenye meza ya Mama Sikudhani, naokota
maganda ya nje ya kabichi, mchicha ulionyong'onyea.
"Ni za kobe," nilimwambia siku ya kwanza,
kabla hajauliza.
Nusu zilikwenda kwa kobe.
Nusu niliziosha mara tatu, nikazitia sufuriani.

Wiki ya pili akanikuta nimeinama.
"Kobe wako anakula nyanya?"
Anakula.
"Na kitunguu?"
Kwa uchache, nikasema.
Akavifunga katika gazeti. Hakunitazama,
alikuwa anahesabu sarafu zake,
na alizihesabu mara mbili.

Jana ameuliza kama kobe wangu anakula dagaa.
Nikasimama pale.
Mtu alikuwa akifagia, akanipigapiga viatu kwa ufagio,
nisogee.
Ningeweza kusema kobe hali vyenye macho.
"Anakula," nikasema. "Hasa wa kukaanga."
"Basi mwambie atoe kichwa," akasema Mama Sikudhani.
"Hapa hapigwi na mtu."

Nikapokea mfuko.
Nikaupima kwa kiganja, mazoea tu:
robo kilo, na kidogo.
Hicho kidogo ndicho kilichonilemea
hadi Makorora.