Sahani Juu ya Paa

Gari letu la Kirusi, umbo la mkate wa boflo,
limefungwa sahani paani kwa kamba ya manyoya ya ngamia.
Si sahani ya pilau. Hii ni bapa, nyeupe,
inakula umeme na kuyeyusha theluji inayoiangukia
hadi maji yachuruzike kwenye kioo cha mbele.

Dulamsuren, daktari wa mifugo, ndiye aliyeing'ang'ania.
Mimi ni dereva tu. Nilisema pesa hiyo
ingetununulia springi mbili na taa ya kushoto.
Hakunijibu. Alinipa bisibisi.

Siku ya tatu tangu tuiache lami,
Gobi yote upepo na mifupa ya mbuzi wa mwaka jana,
tukafika kwa Mama Tsevelmaa.
Ngamia wake alikuwa na jipu shavuni, kubwa kama ngumi.
Daktari akapiga picha, akairusha juu,
na kabla chai ya chumvi haijapoa
profesa wa Ulaanbaatar akajibu, mdomo umejaa chakula:
"Usipasue leo. Liache liive."

Tsevelmaa alikuwa nyuma yetu kitambo,
viganja amevificha ndani ya mikono mirefu ya joho.
"Kitu hicho kinafika Busan?"
Kinafika.
"Nina mjukuu huko. Anachomelea meli.
Mwezi wa kumi na moja huu."

Nikawasha injini ili betri isife.
Nikaanza hesabu: lita ya petroli kwa saa ya maneno.
Nilikuwa bahili, nakiri. Nilitazama saa.

Sura ikatokea, kofia ngumu, cheche nyuma yake.
Nilidhani watalia.
"Umekula?"
"Nimekula."
"Nini?"
"Wali."
"Na nyama?"
"Kidogo."
Kisha kimya, kimya kirefu kikinywa petroli yangu.
Kisha kijana: "Bibi, nionyeshe huyo mwenye jipu."

Akaitoa simu nje, hatua arobaini thelujini,
hadi pale mtandao unapoanza kugugumia,
akaishika mbele ya pua ya ngamia.
Ngamia akapumua.
Kioo kikafunga ukungu,
na Busan nzima, nadhani, ikawa nyeupe.
Otgonbileg alicheka mpaka msimamizi wake akamwita.

Nilizima injini. Sahani nikaisahau.
Usiku kucha iliongea peke yake
na zile nyota zinazotembea kwa foleni,
na alfajiri ufunguo ukatoa "ti" moja tu.

Daktari alinitazama, akanawa uso.
Tsevelmaa alileta kamba na ngamia yuleyule,
shavu limevimba, jicho limejaa dharau.
Akatuvuta hadi penye mteremko.
Gia ya pili, nikaachia klachi.
Mara ya nne likakohoa, likashika.

Bibi akaja dirishani.
"Jipu litaiva lini?"
"Siku tisa," akasema daktari.
Bibi hakumwangalia ngamia. Aliangalia paa.
"Basi njooni siku ya nane."