Pengo la Kisu Namba Tatu

Pale Njoro, Moshi, nyuma ya gereji ya matrekta,
tuko watu tisa na mashine mbili.
Kazi yangu ni kuhesabu.
Asubuhi nahesabu, jioni nahesabu:
visu, skrubu za kifuniko, meno ya msumeno wa mifupa,
pete za ndoa zinazoachwa kikombeni mlangoni.
(Ya Mama Ndealilia haitoki kidoleni. Anavaa glavu mbili.)
Wananiita Mwekahazina.

Ijumaa ile, saa mbili usiku,
naosha kisu namba tatu cha mashine ya kusaga,
kidole gumba kikapita ukingoni, kikasita.
Pengo.
Dogo, kama punje ya ulezi.

Kilo themanini na mbili zilikuwa zimeshasagwa,
zimekolea chumvi na pilipili manga,
zinasubiri utumbo ziwe soseji
za harusi ya kesho yake, kule Kibosho.

Tukazipitisha kwenye mashine ya kunusa chuma.
Ikalia.
Tukaweka nyama ya juzi, isiyo na shaka, ikalia pia:
nyama mbichi yenye chumvi huichanganya,
kama mlevi anayesikia jina lake kila mahali.

Fundi Senzota akachukua tupa.
"Nipe dakika kumi. Pengo halitaonekana."
Nikamwambia, jino la pembe si dawa ya pengo.
"Hiki ni kisu, dada, si methali."
Sawa. Basi kilichotoka kiko wapi?

Ndekirwa, mwenye kiwanda, alisimama mlangoni, simu sikioni.
"Punje moja ndani ya kilo themanini na mbili!
Nani ataipata?"
Hatukumjibu.
Tulimwacha alisikie swali lake
likizunguka vigae vyote na kumrudia:
mtu mmoja ataipata.
Labda bibi mwenye meno manne.
Labda mtoto anayemeza bila kutafuna.

Akakata simu.
Akavua saa, akaitia kikombeni.

Tukatandaza nyama kwenye masinia, nyembamba kama chapati,
tukapapasa, tukapapasa,
vidole vikafa ganzi, tukavichovya maji ya vuguvugu,
tukarudi.
Mama Ndealilia alikuwa akihesabu kwa Kichaga, chini kwa chini,
sijui alihesabu nini.

Saa kumi na robo alfajiri, sinia la kumi na tisa,
Ndekirwa akasema "Yalaa!" kwa sauti ya mtoto.
Tone la damu ndani ya glavu,
na kwenye ncha ya kidole, kitu kinachometa.

Tulikipeleka kisuni kwa kibanio.
Kikaingia pengoni bila kubishana.
Senzota akapiga makofi.
Mimi nikaomba lenzi.

Kona moja haikuwepo.
Kona tu, kama chembe ya chumvi.

Nikampa Ndekirwa lenzi. Akatazama muda mrefu,
mrefu kuliko kona yenyewe ilivyohitaji.
Kisha akaenda mwenyewe kuchukua sepetu.

Shimo lilichimbwa kabla jua halijagusa mabati,
nyama ikaingia, chokaa juu yake.
Harusini, nasikia, walikula kuku.

Kile kipande nimekibandika daftarini kwa utepe,
na mbele yake nimeandika:
*Kilichopotea: kimoja.
Kilichopatikana: karibu chote.*

Mshahara wa mwezi ule ulichelewa siku tisa.
Hakuna anayeniita Mwekahazina tena.
Wananiita Pengo,
na nikiitwa naitika.