Karatasi ya Mahudhurio

Alhamisi, saa tisa alasiri, idara ina mhadhara wa wazi.
Tangazo nililibandika tangu Jumatatu: mlango wa maktaba,
kantini, ukuta wa duka la kutoa kopi kule Mwenge.
"Raia na Mamlaka: Nani Anamsikiliza Nani?
Wote mnakaribishwa. Chai itakuwepo."
Mimi karani, mwaka wa kumi na nne huu, nawaambieni:
mstari wa mwisho ndio unaojaza ukumbi.

Napanga viti. Feni ni tatu, moja inazunguka
kama mtu anayefikiria kujiuzulu.
Kipaza sauti nakipuliza: moja, mbili. Moja, mbili.

Dokta Ndimbwelo anaanza na shukrani, robo saa nzima.
Halafu dhana. Halafu historia ya dhana.
"Samahani, slaidi hii haisomeki huko nyuma," anasema,
na anaisoma yote.
Mwaka wa kwanza wanaandika kila kitu, hata kikohozi.
Mwaka wa tatu wanahesabu sambusa kwa macho.

Ukafika wasaa wa maswali.
Mzee Lyakurwa, mstaafu wa Tazara, kasimama hajaruhusiwa:
"Mimi sina swali, mwenyekiti. Nina mchango."
Mchango wake ni treni ya mizigo,
tunangoja mabehewa yapite.
Nampelekea kikaratasi: MUDA.
Anakisoma, anakikunja, anakitia mfukoni, anaendelea.

Kisha mkono mmoja, nyuma kabisa, karibu na birika.
Mwanamke; nyanya chungu zinachungulia kikapuni mwake.

"Naitwa Siwatu Mwinchande, natoka Mburahati.
Nimekuja kwa kuwa tangazo limesema wote.
Kwetu, mwezi wa tatu, ulifanyika mkutano wa mtaa.
Tulikubali, imeandikwa, mtaro upite uani kwangu.
Karatasi nimeonyeshwa. Jina langu la kumi na saba.
Na sahihi ipo, nzuri kuliko yangu.
Siku hiyo mimi nilikuwa hospitali Temeke, namuuguza dada.
Sasa na hapa nimepewa karatasi, nimesaini.
Swali langu fupi:
hii ya hapa inakwenda wapi? Mmenikubalisha nini?"

Ukumbi ukacheka,
kisha kicheko kikakosa pa kukaa.
"Swali zuri sana," akasema Dokta. Akanywa maji.
Akanywa tena.
Mzee Lyakurwa, aliyekuwa bado wima, akaketi mwenyewe.
"Karani atatufafanulia," akasema mwenyekiti.

Karatasi nilikuwa nayo mkononi.
Waliohudhuria: hamsini na watatu.
Chai iliyoombewa fedha: watu themanini.
Mhasibu hapendi mistari mitupu,
nami nina kalamu tatu na miandiko minne.
Nimewahudhurisha waliohitimu, waliohama,
na marehemu Kibwana, mlinzi wetu, mara mbili,
kwa sababu jina lake lilinijia upesi.

Nikashika kipaza sauti. Moja, mbili, nikasema, kwa mazoea.
"Inakwenda kwa mhasibu, mama. Ni ya chai tu."
"Ya chai tu," akarudia, taratibu, kama anayeonja.
Akaja mbele. Akaniomba kalamu.
Akalitafuta jina lake, akalikata,
mstari mmoja, umenyooka.
Akabeba kikapu chake akatoka, na chai hakunywa.

Jioni nilipeleka majina hamsini na mawili.
Jumatatu yakarudi, wino mwekundu pembeni: *Jaza vizuri.*
Karatasi imo kwenye droo yangu, chini ya mihuri.
Naifungua droo kuliko inavyohitajika.

Mhadhara wa mwezi ujao unahusu uwajibikaji.
Tangazo liko tayari, limebaki kuchapwa.
"Wote mnakaribishwa," nimeandika.
Mstari wa chai bado.